Nipo za breki zilizoganda: yaliyonikuta na gari la mjomba

Gari lenyewe ni dogo, la mwaka 1998, mbele lina breki za diski na nyuma za drum, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na tairi. Mjomba wangu alikuwa nalo Kasulu. Afya ilipomkataza kuendesha, likakaa chini ya mwembe, mvua zikaja zikaenda, halafu siku moja akaniita akanikabidhi funguo. Injini iliwaka tulipoweka betri mpya. Shida ilikuwa breki: pedeli inazama, mpaka upige pampu mara mbili ndipo inashika.

Mkazi wa Kigoma hahitaji maelezo marefu hapo. Ukitoka Mwanga kushuka stesheni, barabara inakuvuta mpaka chini, na njiani kuna bajaji, bodaboda, akina mama wenye mizigo na watoto wa shule. Mimi ni mwalimu, nafundisha Ujiji, na asubuhi huwa nimepakia watoto wangu na wa jirani. Sikuwa tayari kuteremka na breki ya kubahatisha. Naandika haya kwa sababu nilipouliza watu kuhusu nipo zilizoganda, yaani vile vibolti vya kutolea mafuta na upepo wa breki, karibu kila mmoja alinijibu "tia nguvu", na nguvu ndiyo inayozikata.

Tulipofungua kopo la mafuta ya breki lililo kwenye gari tulikuta meusi kama kahawa. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 (hayo ni madaraja ya mafuta ya breki) hunyonya maji kutoka hewani, hata gari likiwa limeegeshwa tu. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya maji. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mkali, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke ukibanwa unasinyaa, tofauti na mafuta. Hapo ndipo mtu anakanyaga pedeli ikafika sakafuni na gari likaendelea na safari yake. Maji hayohayo pia hula silinda kwa ndani. Kwa hiyo kuongeza mafuta mapya juu ya yale meusi, kama nilivyoshauriwa na wengi, hakutibu kitu. Ilibidi ya zamani yatoke yote, upepo utoke, na njia ya kutolea ni nipo.

Na tafadhali, asikudanganye mtu ujazie oili ya injini ukikosa mafuta ya breki. Oili inavimbisha mipira yote, kuanzia masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, mpaka magurudumuni, na hapo utabadilisha mfumo mzima.

Nipo ni kile kibolti kidogo kinachokaa juu kabisa ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), au nyuma ya drum kwenye silinda ya gurudumu. Kina tundu linaloshuka katikati, halafu karibu na ncha kuna tundu jingine linalokatiza. Kinachozuia mafuta yasivuje ni ncha iliyochongoka inayokaa kwenye kiti chake, uzi hauna kazi hiyo. Ndiyo maana hakihitaji kukazwa sana. Magari mengi madogo hutaka nguvu ya kukaza ya Nm 8 hadi 10 tu, yaani mkono mmoja kwenye spana fupi. Ukikijua kilivyo, utajua pia kitakatikia wapi: pale kwenye tundu la kukatiza, ambapo chuma kimebaki chembamba, na kipande kinabaki ndani. Kinaganda kwa sababu kofia yake ya mpira ilipotea zamani, vumbi na maji vikaingia, au fundi aliyepita alikikaza kama nati ya tairi. Kwenye gari langu hakukuwa na kofia hata moja.

Gereji ya kwanza niliyoipeleka sitaitaja. Kijana alichukua spana ya mdomo, akaiweka kwenye nipo ya nyuma kushoto, akavuta huku simu ikiwa begani. Pembe zikalika. Akafuata praizi ya kubana, na kila alipovuta iliteleza ikila chuma zaidi. Nikamwambia inatosha. Nililipa elfu kumi ya kufungua matairi, nikaondoka na nipo iliyobaki duara. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na hofu, kwa sababu sikujua kama lile gurudumu lingetengenezeka tena.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Gungu, fundi aliyestaafu, anayefanya kazi ndogondogo uani kwake. Nikamkuta amekaa kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari limefanyaje?"

Nikamweleza. Hakuinuka kuliangalia. Akauliza, "Silinda mpya za nyuma unazo?"

Nikasema sina, nataka kufungua nipo tu.

"Basi usianze. Ukiigusa ikakatika leo, gari litalala hapa mpaka spea itoke Dar. Tafuta silinda kwanza, ndipo tufungue. Ikifunguka salama, silinda utaziweka akiba."

Kati ya yote niliyojifunza, hilo ndilo lililoniokolea pesa na muda. Maduka ya spea ya Mwanga yalikuwa na silinda ya upande mmoja tu, nyingine ikaagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi. Silinda mbili pamoja na usafirishaji zilinigharimu elfu themanini, nipo mpya nne na kofia zake elfu kumi na sita, mafuta ya DOT 4 elfu ishirini. DOT 4 inaruhusiwa kwenye mfumo uliokuwa na DOT 3. DOT 5 usiiguse; hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. Soma kopo la dukani vizuri, maana DOT 5.1 ni kitu kingine tena, hiyo iko kundi moja na 3 na 4.

Wakati nasubiri mzigo, mzee alinipa kazi ya kufanya nyumbani. Kwanza kusugua kila nipo kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hasa pale chini inapoingia kwenye silinda. Pili kuzibua tundu la katikati kwa waya mwembamba. Langu la mbele kulia lilijaa udongo mwekundu uliokauka ukawa mgumu. Tatu kupuliza spreyi ya kulegeza kutu kwenye shina, jioni na asubuhi, kila siku mpaka silinda zifike. Mafuta ya taa na dizeli watu hutumia, lakini hupenya polepole. Spreyi hiyo isirukie diski, pedi wala ndani ya drum, kwa hiyo nilizungushia kitambaa. Gari ukiliinua usiliamini jeki peke yake. Weka stendi, na magurudumu yaliyobaki chini yazuie kwa mawe, maana kwenye drum utalazimika kuachia breki ya mkono.

Spana sahihi ni soketi ya pembe 6, ile inayoshika kuta zote za nipo. Nyingi za magari ya Kijapani ni namba 8 au 10. Spana ringi ya pembe 12 inashika ncha tu, na ya mdomo inashika pande mbili. Nipo ikiwa imeganda, zote mbili zitaila. Soketi ya kina kirefu inafaa zaidi kwa kuwa nipo ni ndefu.

Tulianza na za mbele. Mzee alitafuta biti ya drili inayoenea kwenye tundu la nipo bila kucheza, akaizamisha upande wa shina lake laini. Kazi ya biti ni kujaza utupu, ili nipo isibonyee ndani inapogongwa au kukamuliwa. Kisha akagonga kichwa cha biti kwa nyundo ndogo, wima, mapigo mafupi yasiyo ya hasira. Mapigo hayo yanapasua kutu kwenye uzi na kwenye kile kiti cha chini. Halafu, jambo ambalo sikulitegemea, akaweka soketi akakaza kidogo kabla ya kulegeza. Akakaza, akalegeza, akapuliza spreyi, akagonga, akarudia.

Akaniambia niweke mkono wangu juu ya mpini pamoja na wake. Nipo inapoachia kwa heri, unasikia "tak" moja kavu, halafu inazunguka kwa ukakasi. Inapotaka kukatika hailii. Mpini unasogea, nawe unadhani imekubali, lakini mwendo wenyewe ni wa ulaini, chuma kinajinyonga na ukiachia mpini unarudi nyuma kidogo. Ukihisi ule ulaini simama hapohapo, usiongeze hata chembe. Mimi niliuhisi kwenye ile ya mbele kulia, tukasimama, tukarudi kwenye spreyi na nyundo, na baadaye ikatoa "tak" yake. Bila mkono wangu kuwa pale nisingeelewa hata ningeelezwa kutwa nzima. Ukipata fundi anayejua, mwombe akuruhusu ushike.

Ya nyuma kulia iligoma kabisa, ikabidi moto. Moto una masharti yake. Unachomwa mwili wa silinda kuizunguka nipo, si nipo yenyewe, kwa kuwa unataka tundu litanuke kuliko kibolti. Mafuta ya breki yanashika moto, kwa hiyo yafutwe kabisa na ndoo ya mchanga iwe karibu. Na kama ulisafisha breki kwa spreyi ya kusafishia yenye klorini, usilete moto kabisa: mabaki yake yakiungua yanatoa gesi ya sumu kali. Ukishachoma, hesabu kwamba mipira ya ndani ya silinda imekwisha. Kwa kuwa silinda mpya ilikuwepo, hatukuwa na cha kuhofia.

Chuma kilipopata joto la kuunguza, kabla hakijawa chekundu, mzee alichukua kipande cha nta ya nyuki akakigusisha kwenye shina la nipo. Nta ikayeyuka ikanywewa kwenye uzi. Mkoa wetu una asali nyingi, Kibondo na Kakonko huko, nta si kitu cha kutafuta kwa tochi. Mshumaa wa kawaida nao unafanya kazi hiyo. Akaacha ipoe, akaweka soketi, nipo ikatoka mzima mzima na kutu yake. Nilifurahi kupita kiasi cha kibolti kile. Silinda tulibadilisha hata hivyo kwa sababu ya mipira.

Ile ya nyuma kushoto, iliyoliwa na praizi, hatukupoteza muda nayo. Mzee aliigusa mara moja, akasema hii inatoka na silinda yake. Drum nayo ilikuwa imeng'ang'ania. Drum nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye uzi kwenye uso wake. Ukiingiza bolti za M8 ukazikaza kwa zamu, zinaisukuma nje bila kuipiga nyundo. Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana viatu vya breki (vile vinavyosugua drum kwa ndani) vya zamani vingine vina asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Pesa nyingi ilikwenda hapa, na hakuna aliyekuwa amenionya. Silinda haitoki mpaka ufungue nati ya paipu ya breki inayoingia nyuma yake, na nati hiyo nayo imeganda palepale. Ni laini, na katikati yake inapita paipu. Nati ikizunguka huku imeshikana na paipu, paipu inajisokota na kupasuka. Tuliipa spreyi, tukaigonga pembeni, tukatumia spana maalumu ya nati za paipu, ile inayofanana na ringi iliyokatwa upande. Bado paipu ikajisokota ikapasuka.

Vijana waliokuwa wanatazama wakaanza kushauri: "Mwalimu, tuikunje hiyo paipu tuigonge ifunge, utatembea na breki tatu, magari mengi mjini yanatembea hivyo." Ni kweli yapo. Nilikuwa nimechoka, mfuko umenyauka, na siku nyingi nilikuwa napanda bajaji kwenda Ujiji. Ushauri ule ulinivuta. Lakini gari lenye breki tatu ukikanyaga ghafla linavuta upande mmoja, na mvua ikiwa imenyesha litakugeuza. Ile paipu iliyopigwa nyundo nayo ipo siku itapasuka, na siku hiyo itakuwa ya kukanyaga kwa nguvu. Nikawaza wale watoto kwenye kiti cha nyuma, nikakataa. Yeyote anayesoma hapa akiwa na gari la namna hiyo, namsihi arudi gereji.

Paipu mpya ilitengenezwa Mwanga na fundi mwenye mashine ya kupanua midomo ya paipu. Hakikisha anakunja mdomo mara mbili, usiwe mkunjo mmoja, maana ule mmoja haufai kwa shinikizo la breki. Paipu na kazi yake nililipa elfu arobaini na tano. Mzee alitaka elfu hamsini kwa kazi yote, nikamwongezea.

Kutoa upepo nilifanya mwenyewe na mdogo wangu wa kiume, mzee akisimamia. Gari likiwa na usukani wa kulia, masta silinda kwa kawaida iko kulia mbele, hivyo gurudumu la mbali zaidi ni nyuma kushoto. Tulianza hapo, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, tukamalizia mbele kulia. Kuna magari, hasa yenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki), yana mpangilio wake tofauti. Fuata kitabu chake. Chini ya pedeli tuliweka kipande cha ubao isifike sakafuni, kwa sababu masta silinda ya zamani ina kutu kwenye eneo ambalo pistoni haifiki siku zote, na ukiipeleka huko mipira inachanika. Kwenye nipo nilichomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mwisho wake umezama kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga dada, nimeshikilia."

Nalegeza nipo robo mzunguko, mafuta meusi yanakuja na mapovu.

"Inazama!"

"Iache izame, usiinue mguu." Nakaza. "Haya, achia taratibu."

Tukaenda hivyo, mzee akiongeza mafuta kwenye kopo. Kopo likikauka katikati ya kazi upepo unaingia kwa juu, unaanza upya kabisa. Mafuta yaliporukia fenda tulimwagia maji haraka, kwani yanakula rangi. Kwenye lile gurudumu la paipu mpya mapovu yalikuwa mengi, yakapungua, yakabaki madogo, halafu kwenye mpira ukaja mstari mweupe safi bila kitone cha hewa. Mdogo wangu akakanyaga akasema, "Dada, sasa imekuwa jiwe."

Nipo mpya nilizipaka grisi ya silikoni kidogo kwenye uzi wa juu tu. Ncha inabaki kavu na safi, na grisi isiingie kwenye tundu. Nilizikaza kwa mkono mmoja, nikavisha kofia zote. Kofia hizo ni za bei ndogo kabisa. Ukiona gari lako halina, nunua wiki hii. Na usingoje miaka kupita: mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hiyo inatosha kuzizungusha nipo zisisahau kufunguka.

Kabla ya kuingia barabarani tuliwasha injini, nikakanyaga na kushikilia kwa nguvu, mdogo wangu akapita na tochi kila gurudumu akitafuta unyevu. Kisha nikaendesha polepole mahali tambarare, nikafunga breki mara kadhaa, kwanza kwa upole na baadaye kwa ukali, nikaangalia kama gari linavuta upande. Nilirudia ukaguzi wa tochi baada ya siku chache, na kwenye nati ya paipu mpya nikakuta unyevu mdogo. Mzee aliikaza kidogo, ikakauka. Ndipo nikapakia watoto nikateremka nao mpaka stesheni.